Kipoyi Nilichokishona Mara Mbili

Nyinyi mnaopita hapa Mushaki na mabegi yaliyochanika, mkiuliza kama Mama Zawadi bado anashona, jibu ni hapana. Macho yamegoma, na kidole changu cha shahada huu ni mwaka wa pili hakikunjiki. Lakini mdomo uko mzima, kwa hiyo kaeni. Begi lako liweke pale, nitakuonyesha baadaye ulipokosea, maana naona kutoka hapa kwamba umelishona kwa uzi wa shati.

Kazi yangu ilikuwa kushona kwa mkono vitu vya nje, vitu vizito. Turubai za malori, ambazo sisi huku tunaziita bashi. Mahema. Makoti ya mvua ya wachungaji. Mikanda ya kubebea mizigo. Gauni sikushona hata moja. Mtu akiniita fundi nguo nakasirika, na binti zangu wanalijua hilo, ndiyo maana wananiita hivyo kila wakitaka kunichokoza.

Nilianzia kwa masista, Burungu, katika foyer, nyumba ya kufundishia wasichana kazi za mikono. Tulifundishwa kutia nakshi kwenye vitambaa vya meza. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba mimi ni hodari, jambo ambalo ni baya zaidi. Mishono yangu ilikuwa midogo kiasi kwamba sista aliivulia miwani aitazame kwa karibu. Nilipoolewa nikaja Mushaki, nikamkuta Mzee Kambale.

Mzee Kambale alikuwa mtu wa Butembo. Alikuja na malori ya tajiri mmoja wa kwao, na kazi yake ilikuwa kutunza bashi. Lori likisimama hapa kupakia viazi na maharagwe, yeye hapandi kuongea na madereva. Anazunguka bashi yote kwa mkono, anaipapasa, anatafuta mahali palipochoka. Nilikwenda kumwomba kazi nikiwa na kitambaa changu cha meza mkononi kama ushahidi. Alikitazama, akakikunja vizuri, akanirudishia, akanipa bashi iliyochanika urefu wa mkono mmoja na sindano ya magunia.

Nilishona nusu siku. Nilitia kiraka kwa mishono midogo, iliyobanana, safu mbili. Nilipomaliza hata madereva walikuja kuangalia. Mzee akaja, akasimama kwa mguu mmoja juu ya kiraka, akavuta upande wa pili kwa mikono. Kiraka kikatoka chote. Uzi haukukatika hata mahali pamoja. Ilikatika bashi yenyewe, kwenye mstari wa matundu yangu.

"Nani alikufundisha kushona hivi?"

"Ni masista, Papa."

"Basi uende ushonee masista. Bashi iko inavutwa na upepo, inavutwa na mayi, inavutwa na kamba. Kila tobo unaweka, unaikata kidogo. Ukiweka matobo mingi karibu karibu, haukushona, ulipasua."

Akanishika kidole gumba, akakilaza juu ya turubai. Kutoka tundu hadi tundu, upana wa ukucha ule. Usipunguze hata kama jicho lako linakuambia mshono ni mbaya. Ni kweli ni mbaya. Lakini mshono huo unashika.

Nikaaga kitambaa cha meza siku hiyo, au niliamini hivyo.

Mambo mengine nitawapa harakaharaka, myaweke popote mtakapo. Uzi wa dukani hautoshi. Chukua tairi la lori lililokufa, lichane, ndani utakuta nyuzi za nailoni, hizo ndizo. Zisokote mbili mbili. Paka nta ya nyuki, uzi uteleze na maji yasiingie. Kata pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Anza kushona kabla ya mahali palipochanika na umalize baada yake. Kwa msharasi, yaani kile chuma cha kutobolea, hakuna kinachoshinda spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe. Nta ikikosekana, mshumaa unafaa. Ila msichukue wa kanisani. Mimi nilichukua kipande nilichokiokota nje ya mlango wa kanisa, na Mzee Kambale, Mkatoliki wa kweli, alipojua alinituma nikirudishe. Nikamkabidhi padri kipande kilichochimbwa mistari ya uzi pande zote. Alikigeuzageuza kwa muda mrefu, kisha akanibariki, sijui kwa nini.

Na jambo hili mlisikilize zaidi. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji wa huku juu, mtu wa ng'ombe na maziwa, aliyeniletea koti lake la mvua mara tatu, bega lilelile, limechanika palepale. Mara ya tatu nikamwambia koti lake limeoza. Mzee Kambale akanituma nikamfuate mzee huyo asubuhi moja. Nikamwona anashuka mlima na bidoni, yaani dumu, ya maziwa, mkanda umepita juu ya bega lile, na kila hatua mkanda unasugua. Nilikuwa nimeshona koti bila kuuliza linafanya kazi gani. Nikaweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi palipokuwa panasuguliwa, na koti lile lilidumu kuliko mwenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu kipoyi.

Vita vilipofunga barabara, malori yaliacha kuja. Mzee Kambale alikwenda kutafuta watu wake Butembo, akaniachia bashi moja kubwa ya lori. "Hii iko ya patron," aliniambia, yaani yule tajiri mwenye malori. "Uichunge. Fasi ya pindo usikate hata siku moja." Pindo la bashi ndilo lenye kamba nene iliyoshonewa ndani, kuzunguka yote. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Ukilikata, bashi inabaki shuka tu.

Baada ya wiki chache nasi tukakimbia, mimi na binti zangu wawili. Mume wangu alikuwa amebaki upande wa Goma na njia ilikuwa imekatika. Bashi tuliipakia kwenye chukudu ya jirani, ile baiskeli yetu ya mbao, tukasukuma hadi njia ilipogeuka matope matupu, kisha tukabeba. Tuliishia kwenye kijiji kimoja cha milimani, upande wa Walikale. Bashi ya patron ikawa paa la familia nne. Wenyeji walitupokea vizuri, na nataka hilo lisemwe, maana watu wanapohadithia miaka ile husahau kutaja waliotupa mihogo.

Kijiji hakikuwa na gari wala njia ya gari. Kituo cha afya kilikuwa nusu siku kwa miguu. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwenye kipoyi: machela ya turubai, yenye mifereji miwili pembeni ya kupitishia miti, na wanaume wanne mabegani, wanne wengine nyuma wakingoja zamu. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Kiongozi wao aliitwa Papa Bauma, mtu mfupi, mpole, mwenye miguu minene.

Kipoyi chao kilikuwa kimechakaa. Nikasema mimi nitakishona upya. Mwelewe hali yangu. Nilikuwa mgeni, ninakula vya watu, sina cha kurudisha isipokuwa mikono hii. Nilitaka wakitazame kile kitu waseme huyu mwanamke si mzigo. Na wanawake wa pale walikuwa wanakaa karibu yangu wakitazama sindano. Nilikuwa na uzi mwekundu. Nikatia mishono midogo, safu mbili, nyekundu, kwenye mifereji yote miwili. Wakapiga vigelegele. Nilijua nilichokuwa ninakifanya. Nilijiambia kwamba mtu si lori la viazi.

Walikuwa na desturi yao pale: aliyeshona kipoyi ndiye anayelala ndani wa kwanza, abebwe, kabla mgonjwa yeyote hajawekwa. Nikalala. Siku zile nilikuwa mfupa na ngozi. Wakanizungusha mara tatu kwenye uwanja wa kanisa, mahali palipo tambarare, huku watoto wakicheka, wakanitua. Kipoyi kikapokelewa. Ile habari ya mfugaji na bidoni yake haikunijia hata kidogo.

Mwezi haukuisha. Mama Riziki, muuza mawese, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, alishikwa na uchungu. Maji yalitoka, siku ikapita, mtoto haji. Mkunga wa kijiji, bibi aliyekuwa amezalisha nusu ya watu wa pale, akasema hii inazidi mikono yake, apelekwe kituoni. Wakaondoka alfajiri. Jua lilikuwa bado halijapanda vizuri nilipowaona wanarudi, Papa Bauma na mwenzake wamembeba Mama Riziki kwa mikono, na mwingine nyuma amekunja kipoyi kwapani.

Kwenye mteremko wa kwenda mtoni, mfereji wa kushoto ulifunguka wote, kutoka kichwani hadi miguuni. Papa Bauma aliona unaachia akajirusha chini, Mama Riziki akaangukia mapajani mwake. Hakuumia. Hiyo ilikuwa ni neema ya Mungu na miguu ya Papa Bauma, si kazi yangu.

Wakaniwekea kipoyi mbele. Uzi mwekundu ulikuwa mzima, wote, unang'aa. Turubai ndiyo iliyokatika, kwenye mstari wa matundu yangu. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilitamani wanitukane. Hakuna aliyenitukana.

"Mama," Papa Bauma alisema, "unaweza kuitengeneza leo leo?"

"Ni mimi niliiharibu, Papa. Matobo yako karibu sana. Nilijua, nikafanya tu juu ya urembo."

"Sikuuliza vile. Niliuliza kama unaweza."

Mama Riziki alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mkunga anamkanda kiuno. Uchungu ulipompumzisha kidogo akageuza kichwa. "Shona, mama," akaniambia. "Miye niko hapa, siko nakimbia."

Turubai ya kipoyi haikuwa na nguvu tena pembeni. Kiraka cha kawaida kingebanduka. Palihitajika kitu chenye kamba ndani, ili uzito uvute kamba na si kitambaa. Kijiji kizima kilikuwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo, na kilikuwa kimefunika vichwa vya familia nne. Nilipima urefu wa kipoyi kwa mkono, nikapima tena. Nikapanda juu ya gogo, nikakata pindo la bashi ya patron, pande mbili, na kamba yake ndani. 

Ili msikae na wasiwasi, niwaambie mapema: Mzee Kambale alirudi baada ya miaka, tulipokuwa tumesharudi Mushaki. Nilimletea bashi, nikamweleza yote. Alipapasa pale palipokatwa, akaniuliza, "Ulipima mbele ya kukata?" Nikamwambia nilipima mara mbili. "Basi," akasema, akaanza kusokota uzi wa pindo jipya.

Nilishona kwa sindano mbili, moja inatoka, moja inaingia, kila tundu limefungwa pande zote mbili. Nilikunja turubai mara mbili kuizunguka kamba. Msharasi wa spoku, uzi wa tairi, nta. Kila mara kabla ya kutoboa nilikilaza kidole gumba. Mkono ulitaka kukaza, kuongeza tundu moja katikati, kwa kuwa mwenye hofu daima anataka kuongeza. Nikaukatalia. Mama Riziki akilia, nilisimama, akinyamaza, niliendelea. Bibi mkunga kila mara alinyanyua macho kuangalia nimefika wapi, na mimi nilijua anachokihesabu. Upande mmoja ukaisha, nikaanza wa pili, ule ambao haukuwa umechanika, kwa sababu nao ulikuwa na uzi mwekundu. Niliufumua wote, nikaushona upya kwa kamba.

Nilipofunga fundo la mwisho na kulichoma kwa kiberiti, nikasema tayari, mumweke.

Papa Bauma akatikisa kichwa. "Wewe kwanza."

"Papa, hakuna wakati."

"Wewe kwanza. Na hapana ku uwanja."

Wakanilaza. Mmoja akaleta gunia la mihogo, nusu gunia, akaniwekea tumboni ili nifikie uzito wa mtu. Wakatoka mbio ndogo kwenye njia ya mtoni, palepale kiliposhindwa asubuhi. Mteremko ni mkali, kichwa changu kikawa chini, mwili wote ukateleza, na kipoyi kikavutwa upande wa kushoto. Hapo nikafahamu kwa mgongo wangu kitu ambacho sikukiuliza: kwenye njia ile uzito haukai katikati hata kidogo. Unahamia upande mmoja, halafu unahamia mwingine, kila kona. Nilisikia kamba inakaza chini ya bega langu, inalia kidogo, inatulia. Niliogopa sana. Niliomba, na niliomba nikiihesabu mishono, mmoja mmoja. Tulifika mtoni, wakageuka, tukapanda. Papa Bauma akapitisha kidole kwenye mfereji wote, akasema sasa mugonjwa.

Nilikwenda nao. Hakuna aliyeniita, lakini ningewezaje kukaa? Nilitembea nyuma, sindano mbili zimechomekwa kwenye kitenge, uzi shingoni. Kila walipobadilishana mabega niliweka mkono kwenye mshono. Mama Riziki mara ya tatu akaniambia niache kumpapasa, ataniambia mwenyewe akianguka. Wanaume wakacheka, na mimi nikacheka, na tulihitaji kicheko hicho, maana kipande cha mwisho cha njia Mama Riziki hakusema tena neno.

Tulifika kituoni jua likikaribia kuzama. Muuguzi na mkunga wa pale wakampokea, wakafunga mlango. Tulikaa nje kwenye nyasi, kipoyi kimelazwa katikati yetu. Sijui tulikaa muda gani. Kisha tukasikia mtoto, na baada ya mtoto tukasikia sauti kubwa ya Mama Riziki inauliza kama ni musichana ao kijana. Alikuwa msichana. Nililia mbele ya wanaume wanane na sikuona haya.

Basi nimewaeleza ufundi, na mtaukumbuka au mtausahau. Mtakosea, hilo halina shaka, na wengine mtakosea kitu mnachokijua vizuri kabisa, kama mimi. Mkikosea, fumueni upande uliochanika na ule ambao bado haujachanika. Msimwachie mtu mwingine aje aujaribu.

Siku ya tano tulirudi kumchukua. Nilikuwa nimebeba uzi mpya na kipande cha mpira, na nilimwambia Mama Riziki, aliyekuwa amekaa kitandani na mtoto, kwamba anisubiri kidogo mle ndani, nataka kupitia mishono upya, na safari hii nitaishona taratibu, iwe imara zaidi na ipendeze. Pia nilimwambia kama anaogopa, njia ya kurudi tunaweza kumsindikiza kwa miguu polepole, atapumzika atakapotaka. Mwanamke aliyeangushwa na kazi yangu akikataa kulala ndani yake tena, ningemlaumu kwa lipi?

Akanitazama, akampakata mtoto vizuri kifuani, akatoka nje hadi pale kipoyi kilipokuwa kimelazwa.

"Usiiguse," akaniambia. "Iko muzuri vile iko."

Akajilaza ndani na mtoto wake, akavuta kitenge juu yao wote wawili, na kabla wabebaji hawajanyanyua miti, alikuwa ameshafumba macho.